Muhogo wa Mpakani

Ukimtazama kunguru wa Dar es Salaam kwa haraka utamdhani mwizi tu asiye na haya. Lakini mtazame siku anayoteremka uani kwa mama anayetia samaki chumvi. Haji moja kwa moja. Atatua ukutani, arukie kamba ya nguo, arudi ukutani, ainamishe kichwa kama mzee anayesikiliza redio mbovu. Na mama akiinua mkono ajikune shavu tu, kunguru keshafika mtaa wa tatu. Wahenga walimtazama wakamcheka. Kisha wakaacha kucheka, wakasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Maana yake ni kwamba anayeiogopa hatari mapema huiepuka akiwa mzima, na anayejitia ushujaa mahali pasipotaka ushujaa huacha manyoya. Asiyeamini na akisikilize kisa cha Jawad, mpika halua wa Mbagala, kinachosimuliwa hapa bila kuongezwa chumvi, ila kidogo pale ilipopungua.

Jawad alikuwa mwoga wa kupigiwa mfano. Aliogopa mbwa, radi, ngazi, sindano na watu wanaocheka peke yao. Siku moja alisimama kando ya Barabara ya Kilwa akingoja magari yapungue avuke. Mchoma mahindi aliyekuwa ubavuni mwake akawasha mkaa, akachoma gunia zima, akauza, akazima mkaa, akaenda zake kwao, na Jawad bado yu upande uleule. Watu wa barazani walimpa jina la Kunguru, naye akawa anaitika, kwa sababu aliogopa kukataa.

Lakini mbele ya sufuria la shaba Jawad alikuwa bwana. Babu yake alikuja na mwiko, baba yake akaurithi, naye akaupokea. Halua ya kwao ilipikwa kwa kuonjwa mara tatu: sukari ikichemka, samli ikiingia, na kabla ya kumiminwa kwenye masinia. Na kuonja kwenyewe kulikuwa na adabu yake. Utamu hufika kwanza, uchungu wa sukari iliyoungua huja nyuma yake kama mdai anayenyemelea. Kwa hiyo baba yake alimfundisha: weka kwenye ncha ya ulimi, nyamaza, hesabu mpaka ishirini, ndipo useme. Jawad alihesabu ishirini hizo kwa miaka thelathini na tano, na kila alipomaliza kuhesabu alimeza. Ukijumlisha vijiko hivyo vyote, mtu yule alikuwa amemeza halua ya kujaza kisima.

Baba yake naye alimeza hivyohivyo. Alipofika miaka sitini, kidonda kidogo cha kidole kikapanda kama moto wa kichaka, na hospitali wakaukata mguu chini ya goti. Kwa desturi yao kiungo cha Mwislamu hakitupwi. Mguu ulifungwa sanda ukapelekwa makaburini, na aliyeupakata njia nzima alikuwa Jawad, kijana wa miaka ishirini. Kilichomtia hofu hakikuwa damu wala harufu. Ulikuwa ni wepesi wa kile kifurushi. Aliona jinsi mtu anavyoweza kuanza kuondoka kidogo kidogo, huku nyumbani bado anaomba maji ya kunywa. Miezi minane baadaye baba akaufuata mguu wake. Tangu hapo hofu zote za Jawad zikawa watoto, na hii ikawa mama yao: asije naye akazikwa kwa mafungu.

Asubuhi moja mkewe, Ibtisam, alikuta matone ya damu yaliyotoka mlangoni yakaenda mpaka jikoni.

"Baba Wafa, umechinja kuku?"

"Kuku wa nini asubuhi yote hii?"

"Basi hii damu ya nani?"

Wote wawili wakaifuata damu kwa macho, ikawafikisha kwenye ndala ya kushoto ya Jawad. Msumari ulikuwa umepenya ndala, ukaingia kwenye unyayo chini ya kidole gumba. Alikuwa ameutembelea tangu alipotoka kuswali alfajiri, na hakusikia kitu. Mtu aliyewahi kulia kwa kuumwa na siafu mmoja alikaa kwenye kigoda akautazama msumari ule kana kwamba uko kwenye mguu wa jirani. Hapo ndipo alipoogopa kwa mara ya kwanza hofu iliyo kamili, ile isiyo hata na kelele.

Zahanati alipokewa na nesi mmoja aitwaye Herieth, mama mnene mwenye mikono mepesi, asiyependa kurudia maneno.

"Umeanza lini kutosikia nyayo, baba?"

"Sijui, binti yangu. Sikuwa nikiziuliza."

Nesi akatoa damu, akapima, akatazama namba, akapima tena. "Kazi yako nini?"

"Napika halua."

"Naona. Na yenyewe imekupika." Akaandika. "Una kisukari, na si cha jana. Vidonge hivi asubuhi na jioni, hata kama unajisikia kama bwana harusi. Kidonda utakuja tukisafishe kila baada ya siku mbili. Na jiko lako libadilike. Kula kitu ambacho bado kinafanana na kilivyotoka shambani. Tango liwe tango. Karanga iwe na ngozi yake. Unga uwe dona. Embe ulitafune kidogo, usilinywe. Sukari ya kwenye chai tuachie sie wenye dhambi nyingine."

"Na nikishindwa?"

Nesi Herieth aliutazama ule mguu, halafu akamtazama yeye, na Jawad akakisikia tena mikononi mwake kile kifurushi chepesi.

Mtu jasiri angeyafuata masharti yale wiki mbili, kisha angesema maradhi ni ya Mungu na akaagiza chapati. Jawad alikuwa mwoga, kwa hiyo aliyafuata yote. Yeye na Ibtisam walikwenda soko la Mabibo wakarudi na kapu lililojaa karoti, figili, matango, kabichi, maparachichi, papai, ufuta na karanga mbichi. Mchana alikula kachumbari sinia zima na ugali wa dona kama ngumi ya mtoto. Jioni barazani, wenzake wakinywa kahawa chungu na kashata, yeye alitoa karoti mfukoni akaiguguna. Mbuzi wa jirani, inasemekana, alisimama akamtazama kwa huzuni ya mtu aliyeporwa riziki.

"Mama Wafa," akaita Masoud, "mfunge kamba mumeo, asije akamaliza bustani za watu."

Masoud alikuwa mtoto wa baba mkubwa wa Jawad, muuza vitambaa, kifua mbele, sauti kama ya mpiga mnada. Naye alikuwa na kisukari, ila cha kwake alikichukulia kama mpangaji asiyelipa: kipo, lakini hakimsumbui.

"Heri kamba ya shingoni," akasema Jawad, "kuliko bandeji ya gotini."

"Kufa kupo tu, Kunguru."

"Kupo. Lakini mie nataka kunikute nikiwa jumla."

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Jikoni sasa alionja kwa ncha ya ulimi, akahesabu ishirini, akatema, akasukutua. Mwezi wa kwanza alitembea kama mtu aliyeporwa. Mwezi wa pili usingizi wa mchana ukamkimbia. Zamani, baada ya wali wa nazi na chai ya maziwa vijiko vitano, alikuwa akisinzia amesimama, mwiko mkononi, na mara mbili ndevu zake zilishika moto akaamshwa na harufu yake mwenyewe. Mwezi wa tatu kichwa chake kikawa kama chumba kilichofunguliwa madirisha baada ya mazishi. Alianza kukumbuka majina. Alianza kusikia tofauti ya iliki ya jana na iliki ya juzi.

Na asubuhi moja, akitafuna tende na ufuta mbichi na kipande cha nazi, aliacha kutafuna ghafla. Kwa miaka thelathini na tano hakuwa amethubutu kuongeza hata punje ya karafuu kwenye mapishi ya baba yake. Leo mikono ilikwenda yenyewe. Akatoa kokwa, akatwanga tende pamoja na korosho, ufuta, iliki na maganda ya ndimu, akagandamiza kwenye sahani, akakata vipembe. Halua isiyojua moto. Ibtisam akaonja, akakaa chini.

"Hii umeiota?"

"Sijui. Imekuja tu, kama mtu aliyekuwa mlangoni siku nyingi anabisha."

Wiki iliyofuata ikaja ya ukwaju na ufuta. Kisha ya ndizi mbivu zilizokaushwa juani, na tangawizi. Wateja walioacha halua kwa kuogopa sukari wakarudi kuchukua kipembe kimoja kimoja. Yeye mwenyewe alikula cha ukubwa wa kucha tu, maana tende nayo ni tamu, na mwoga hasahau.

Kidonda kilipungua mpaka kikawa kama punje ya kunde. Vidole viwili vikaanza kuhisi ubaridi wa sakafu. Ila kidole gumba kilikaa kimya, cheusi pembeni, na nesi Herieth kila alipokigusa alikunja uso.

"Hiki bado sijakiamini. Usikitembeze sana, na kukimbia usithubutu. Ukikitonesha kikaoza, daktari atakikata, na akianza kukata sijui ataishia wapi. Baada ya Idi ya kuchinja tutaamua."

Siku hizo ndipo Masoud alipokuja na simu mkononi. Ndani ya simu alikuwamo mtu mmoja wa makamo, ndevu zimechongwa vizuri, akihutubia huku ameshika bilinganya kama kipaza sauti. Aliitwa Mtaalamu Sadallah. Alikodi shamba huko Kimbiji, akaweka kambi ya siku saba: vibichi vitupu, bila moto, bila vidonge.

"Wewe majani ya robo robo yamekufikisha hapa," akasema Masoud. "Ukila siku saba mfululizo kidole hicho kitaimba kaswida."

"Na vidonge?"

"Unavizika kulekule."

"Masoud, mie hata kuvisahau mezani naogopa."

"Basi baki. Baada ya Idi si ndio wanakata?"

Neno lile lilimwingia Jawad kama maji baridi shingoni. Akaogopa kwenda, akaogopa kubaki, akapima hofu mbili mkononi, akaona ya kubaki ndiyo nzito. Ibtisam hakubishana. Alichukua kofia ya mumewe, akafumua bitana, akashona vidonge vya siku kumi ndani, akamvisha.

"Usivue hata wakikwambia malaika wanapita," akamwambia.

Kambini, pamoja na Sadallah, walikuwa watu sita chini ya banda la makuti. Siku ya kwanza Mtaalamu Sadallah alizungusha ndoo. "Tueni minyororo yenu humu, ndugu zangu," akasema. Masoud akatumbukiza vidonge vyake vyote kwa mlio, akatazama huku na huku apigiwe makofi. Jawad akatumbukiza karatasi iliyokunjwa vizuri, yenye karafuu saba.

Siku tatu zilikwenda vizuri, haki isemwe. Papai la kuiva mtini, dafu, matango, mchicha mchanga wenye ndimu, karanga mbichi, nazi. Jawad alikaa kivulini, mguu juu ya gogo, akipanga kichwani halua ya mabungo na ufuta. Lakini alimwona Masoud. Masoud alikuwa akinywa maji kama ngamia aliyefika kisimani, akienda vichakani kila mara, midomo imemkauka ikapasuka.

"Ni sumu inatoka," akasema Sadallah.

"Mbona inatoka na yeye mwenyewe?" akauliza Jawad, lakini kwa sauti ndogo.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, Sadallah alitangaza siku ya mizizi. Karoti zilikuwa zimekwisha, naye alikuwa amejichimbia mihogo pembezoni mwa shamba, mpakani, palipoota mihogo mirefu, imenona, haijaguswa na mnyama.

"Tazameni baraka. Nguruwe pori wamemaliza viazi vyote, huu wameuheshimu."

Mihogo ikamenywa, ikalala kwenye sinia, myeupe kama meno ya mtoto. Kutafuna muhogo mbichi na nazi si jambo la ajabu kwa mtu wa Dar. Huuzwa hadi vituo vya mabasi. Sadallah akang'ata kipembe, akakunja uso kidogo, kisha uso ukamnawiri.

"Una uchungu. Alhamdulillahi. Sukari ni tamu, dawa yake nini?"

"Chungu," wakaitika.

Na nani asingeitika? Mji mzima unaamini hivyo. Mwarobaini ni mchungu, shubiri ni chungu, na kila mwenye kisukari ana shangazi aliyemletea chupa ya kitu kichungu. Uchungu ule, badala ya kuwatisha, uliwavuta. Masoud akachagua muhogo mzima, mnene kuliko yote, akaanza kuutafuna macho yakimtoka, kwa ushujaa wa mtu anayekomesha maradhi yake.

Jawad akakata kipande kama ukucha. Akakiweka kwenye ncha ya ulimi. Akanyamaza. Moja, mbili, tatu: utamu wa muhogo, wa kawaida. Saba, nane: uchungu ukaingia. Uchungu wa karafuu aliujua. Wa sukari iliyoungua aliujua, huja ukasimama. Huu haukusimama. Kumi na mbili, kumi na tano: ulikuwa unapanda. Ishirini: ncha ya ulimi ikawaka, na moyo wake ukaruka kama samaki kwenye beseni. Akatema. Akasukutua mara tatu.

"Ndugu zangu, msile."

"Nini tena, Kunguru?" Masoud alikuwa na muhogo wa pili mkononi.

"Huu uchungu una kitu nyuma yake. Onja, uhesabu."

"Mzee wangu," Sadallah akasema kwa upole wa mtu anayemhurumia mjinga, "mwili wako umezoea kubembelezwa. Unaogopa kupona."

"Mie naogopa kila kitu, mtaalamu. Lakini hiki nakiogopa zaidi. Masoud, nakuomba. Kwa haki ya baba zetu, tema."

Masoud akamkazia macho, akang'ata pande kubwa mbele yake, akatafuna polepole, akameza. Watu wakacheka. Sadallah akaanza kueleza jinsi hofu inavyoziba mishipa, akaeleza kwa urefu, na kuna wanaosema maneno ndiyo yaliyomwokoa, kwa kuwa mdomo uliokuwa ukisema haukupata nafasi ya kutafuna.

Jawad akasimama. Akatoka bandani kwa mwendo wa haraka, kisha mwendo ukamponyoka, akawa anakimbia.

"Kunguru keshapaa," akasikia nyuma yake, na kicheko.

Wapo watakaopenda kusikia kwamba alikimbia kumwokoa ndugu yake. Sivyo. Alikimbia kwa sababu ulimi wake ulikuwa unawaka na magoti yalikataa kukaa. Kila alipokanyaga mguu wa kushoto alimwona nesi Herieth amekunja uso. Kila hatua alikuwa anakitonesha kile kidole, anakipeleka mwenyewe kwenye kisu. Akajaribu kurukaruka kwa mguu mmoja, akaanguka, akainuka. Mbele hofu, nyuma hofu, chini hofu, na njia ya mchanga haina mtu.

Nyumba ya kwanza aliyoikuta ilikuwa ya mwanamke aitwaye Chausiku, mkulima wa palepale, aliyekuwa ameinamia pipa akiloweka mihogo iliyomenywa. Uani kulikuwa na mkeka umejaa makopa yakikauka juani.

"Shikamoo, baba. Mbona unahema hivyo?"

"Ile mihogo ya mpakani," akasema Jawad, salamu imemtoka kichwani. "Mirefu. Inaliwa mibichi?"

"Ipi, ya shamba alilokodi yule bwana wa bilinganya? Si hii hapa ninayoloweka? Huu haufai kutafunwa, baba. Unalowa siku tatu, unaanikwa, ndio unatwangwa. Tuliupanda pale mpakani kwa ajili ya nguruwe na wezi." Akanyoosha mgongo taratibu. "Nani kautafuna?"

"Watu watano."

Muhogo ukamtoka Chausiku mkononi. "Abdulrahman! Acha nazi hizo, washa gari."

Mumewe alikuwa akipakia nazi kwenye pikapu chakavu, ambayo siku nyingine husukumwa na kijiji kizima ndipo iwake. Siku ile, watu wanaapa, iliwaka kabla ufunguo haujaingia.

Bandani hapakuwa na kicheko. Mmoja alikuwa anatapika kwenye nguzo, mwingine amejishika kichwa, Sadallah amekaa chini, rangi imemtoka, akirudia, "Ni sumu inatoka, ni sumu inatoka," kama mtu anayejibembeleza. Masoud alikuwa amelala kifudifudi. Walipomgeuza, midomo ilikuwa imebadilika rangi na kifua kile cha mbele kilikuwa kinapanda kwa shida, kama mlango uliovimba kwa mvua.

"Jawad," akasema. "Mbona mchana umeingia kiza?"

"Usiseme. Pumua."

Wakawapakia juu ya nazi. Barabara ya Kimbiji ina mashimo ya kumeza mbuzi, na pikapu iliingia na kutoka katika kila moja. Jawad alikaa amekipakata kichwa cha Masoud. Kila pumzi aliihesabu. Moja. Kimya. Mbili. Kimya kirefu, mpaka akahisi nywele zinamsimama. Tatu. Alikuwa amemshika kwa mikono miwili kwa nguvu zote, auhisi uzito wake, asije akawa mwepesi.

"Usiniache," Masoud akanong'ona.

"Nikuache vipi, nami naogopa kubaki peke yangu?"

Hospitali waliwapokea mbio. Jawad aliwaambia neno moja tu, muhogo mchungu, na daktari hakuuliza la pili. Baadaye, jua likiwa limeinama, daktari alitoka akifuta miwani.

"Nani aliyewaleta?"

"Mie."

"Nusu saa zaidi, yule ndugu yako nisingemkuta. Na shida haikuwa sumu ya muhogo tu. Sukari yake ilikuwa imepanda kupita kiasi. Alizitupa dawa zake?"

"Alizitupa."

"Na wewe?"

Jawad akavua kofia, akafumua bitana, akamwonyesha. Daktari akatazama vidonge, akatazama kofia, akaondoka akitikisa kichwa. Wote watano walipona. Sadallah alitoka siku ya pili, akalifunga banda lake, na yeyote aliyetaka kumsikia akihutubia ilibidi arudi kwenye simu.

Lakini hofu ya Jawad ilikuwa bado haijamaliza kazi. Asubuhi ya tatu alipelekwa na Ibtisam kwa nesi Herieth. Bandeji ilikuwa imekauka kwa damu na mchanga wa Kimbiji, na alipoambiwa apande kitandani alipanda kama mtu anayepanda jeneza.

"Nilisema usikimbie."

"Ulisema."

"Umekimbia kiasi gani?"

"Mpaka nilipochoka kuogopa. Kwa hiyo mbali."

Nesi akalowanisha bandeji kwa maji ya chumvi, akaifungua duara moja baada ya jingine. Ibtisam alikuwa ameshika ukingo wa kitanda, mpaka vidole vikapauka. Bandeji ya mwisho ikatoka, na nesi akainama, akatazama kidole kile kwa muda ambao Jawad aliuona mrefu kuliko mwezi mzima wa Ramadhani.

"Fumba macho," akasema.

"Nimeyafumba tangu nyumbani."

Nesi akachukua sindano nyembamba, akaigusisha ncha ya kidole gumba, akachoma.

Ukelele alioutoa Jawad ulisikika, kwa kauli ya watu waaminifu, mpaka kituo cha bajaji, ambako madereva wawili waliwasha vyombo vyao wakakimbia bila kujua wanakimbia nini. Alipofumbua macho alimwona nesi Herieth anacheka, na machozi yanamtiririka Ibtisam.

"Umesikia nini, baba?"

"Umenichoma!"

"Nimekuchoma miezi minne kila wiki, ulikuwa unatazama dari. Hiki kidole kimeamka. Kimechubuka, tutakisafisha, lakini kina damu yake na kina adabu yake. Hakikatwi."

Jawad akauliza kama anaweza kumchoma tena kidogo, ahakikishe. Kisha akaghairi.

Idi ilipopita, Masoud akatokea barazani kwa mara ya kwanza tangu augue, kanzu inamwogelea, vidonge mfuko wa kulia, karanga mbichi mfuko wa kushoto. Mzungumzaji mmoja akaanza kuwasimulia wageni jinsi Kunguru alivyopaa kutoka kambini akiburuza mguu, akawaigizia na mwendo wenyewe, watu wakavunjika mbavu. Masoud akawaacha wacheke mpaka wamalize.

"Semeni yote," akasema. "Nyie mnamcheka alivyokimbia. Mie jasiri nilibebwa juu ya nazi kama gunia. Yule mwoga ndiye aliyenibeba, naye ana miguu yake yote miwili."

Kila mmoja aliwaona wote wawili wamekaa mbele yake wazima, na ushahidi wa macho hauhitaji wakili: kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.